Nyenzo za mtandaoni za kufundishia historia na maarifa ya jamii: zipi zinatufaa walimu wa Unguja na Pemba?

Mwalimu wa historia aliyeko Wete au Mkoani, mwenye kishikwambi kimoja, bando analolinunua kwa fedha yake na darasa la wanafunzi hamsini na zaidi, hachagui nyenzo za mtandaoni kwa mizani ile ile anayotumia mwalimu wa Chicago. Tovuti inayosifiwa duniani kote inaweza isimfae hata kwa kipindi kimoja, na mkusanyiko wa picha ambao wengi hawajausikia ukamtosha muhula mzima. Ulinganisho huu nimewaandikia wenzangu wanaosomesha historia na maarifa ya jamii katika skuli zetu, na kila nyenzo nimeiuliza maswali matatu: visiwa vyetu vimo ndani yake? Mwanafunzi anapewa ushahidi wenyewe, au anapewa maelezo yaliyokwisha kutafunwa? Na mwalimu anaweza kuipakua mara moja, akaitumia baadaye bila ya mtandao?

Swali la kwanza ndilo ninalolipa uzito mkubwa. Mtoto wa Pemba anayeweza kutaja sababu tano za Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza, lakini hajui ni kwa nini kisiwa chake kiliipita Unguja kwa karafuu baada ya kimbunga cha Aprili 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja, amefunzwa kukariri tu. Nyenzo isiyoweza kumrudisha mtoto huyo nyumbani, hata ikiwa nzuri namna gani, mimi huiweka nafasi ya pili.

Vitabu vya mtaala, juzuu za UNESCO na Wikipedia ya Kiswahili

Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina faida moja iliyo kubwa: vitabu vyake hufuata muhtasari wa somo, na kuvisoma hakulipiwi. Kwa mwalimu ambaye skuli yake ina nakala tatu za kitabu kwa darasa zima, hilo peke yake ni msaada mkubwa. Shule Direct ina lengo linalokaribiana na hilo, ila yenyewe hutoa maelezo mafupi ya mada pamoja na maswali ya kujipima, kwa hiyo humfaa zaidi mwanafunzi anayejisomea nyumbani. Anayejali mtihani asizipite ripoti za Baraza la Mitihani zinazochambua jinsi watahiniwa walivyojibu kila swali, kwa sababu zinaonyesha ni wapi hasa vijana wetu huteleza. Lakini zote hizi ni nyenzo za maelezo, na mwanafunzi akizimaliza anajua kilichosemwa bila ya kujua kilisemwa kwa ushahidi gani.

Juzuu nane za mwanzo za Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO ni jambo jingine kabisa. Kazi hii ilianzishwa mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi yetu na wa Muungano, kwa nia ya kuiandika historia ya Afrika kwa kuitazama kutoka ndani, na miongoni mwa wahariri wake yumo Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliyeisimamia juzuu ya nane. Juzuu ya tatu ina sura ya pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vya Ngazija, ya nne ina sura ya kukua kwa ustaarabu wa Waswahili, na ya sita inaeleza pwani na bara katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ambapo Sultani Sayyid Said na Unguja yake wanakaa katikati ya habari. Zote zinapakuliwa bure.

Tatizo lake ni uzito, na hapa sisemi uzito wa faili peke yake. Kila juzuu inavuka kurasa 700 za Kiingereza cha kitaaluma, na mwalimu atakayempa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu sura nzima atakuwa amemwadhibu. Nionavyo, hiki ni kitabu cha mwalimu: asome sura moja mwishoni mwa wiki, achague ukurasa mmoja, na aufasiri kwa Kiswahili chepesi kabla ya kuingia darasani. Pia akumbuke kwamba juzuu hizi zina umri. Juzuu ya nne ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1984, na mwaka huo huo ndipo ilipofukuliwa pale Mtambwe Mkuu, kwetu Pemba, hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu. Ugunduzi uliobadilisha fikra za wataalamu juu ya biashara ya visiwa hivi haumo katika kitabu ambacho wengi wetu tunakichukulia kuwa neno la mwisho.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huwa inadharauliwa kupita kiasi. Makala zake nyingi ni fupi na nyingine hazina marejeo, lakini ina mambo mawili ambayo nyenzo nyingine hazina. Kwanza, iko katika lugha ambayo mtoto anaota nayo. Pili, kwa programu ya Kiwix inaweza kupakuliwa nzima, ikakaa katika simu au flashi na kusomwa pasipo mtandao, jambo lenye thamani kubwa katika skuli ambayo mawasiliano hupatikana kwa kusimama chini ya mwembe. Mimi huitumia kwa zoezi moja tu: wanafunzi husoma makala ya Kiswahili na ya Kiingereza juu ya tukio moja, kisha huandika kilichomo huku na kisichomo kule.

Picha za kale, ambazo ndizo ninazozipa kura yangu

Katika kundi hili wanashindana watatu. Wa kwanza ni mkusanyiko wa Winterton, ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya 1860 na 1960 hivi, na picha za Unguja zimo. Wa pili ni Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ina hazina isiyo na mwisho ya picha, ramani na nyaraka, lakini sehemu kubwa inahusu Marekani yenyewe. Wa tatu ni Google Arts & Culture, yenye maonyesho yaliyopangwa kwa ustadi, likiwemo lile la Kilwa Kisiwani, ambako magofu yameonyeshwa jinsi yanavyoliwa na bahari.

Google Arts & Culture inapendeza kuliko wenzake wote, na ndiyo inayomaliza bando kuliko wote. Maonyesho yake yanataka mtandao ulio imara na skrini kubwa, na mtazamaji huongozwa hatua kwa hatua hadi mwisho, hana nafasi kubwa ya kuuliza lake. Kwa mwalimu mwenye projekta na umeme usiokatika, ni njia nzuri ya kufungulia mada. Maktaba ya Bunge la Marekani ni bora kwa mada za dunia, kama vita vikuu au harakati za haki za watu weusi wa Marekani. Kwa historia yetu wenyewe Winterton inawashinda wote wawili, na sababu yake nitaieleza kwa somo moja.

Nilichapisha picha nne za kale za forodhani ya Unguja, nakala mbili mbili, bila ya tarehe wala maelezo, nikawagawia wanafunzi kwa makundi na kuwataka wazipange kwa miaka. Kwa dakika kumi darasa lilikuwa kelele tupu. Kisha binti mmoja aliyekaa nyuma akaninyooshea kidole kwenye picha.

"Maalim, mbona hapa mnara uko peke yake mbele ya jumba, na hapa mnara umeshikana na Beit al Ajaib?"

"Uliza tena, mwanangu, uliza kwa sauti wenzako wakusikie," nilimwambia, kwa kuwa alikuwa ameshika ufunguo wa somo zima.

Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ilijengwa mwaka 1883 katika zama za Sultani Sayyid Barghash, na mbele yake ulisimama mnara wa taa uliokuwa peke yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipoupiga mizinga mji ili kumtoa Sayyid Khalid, aliyekalia kiti cha usultani bila ya ridhaa yao, jumba la Beit al Hukm lililokuwa jirani lilibomoka na mnara ule ukaharibika, na katika matengenezo yaliyofuata ndipo mnara wa saa ulipowekwa kwenye uso wa Beit al Ajaib. Kwa hiyo picha yenye mnara uliotengana ni ya kabla ya mizinga, na yenye mnara ulioshikana na jumba ni ya baada yake. Wanafunzi waliligundua hilo kwa macho yao, na nilipowasimulia vita vyenyewe walisikiliza kama watu wanaosubiri jibu la swali lao. Nadhani kila mmoja wao alikuwa anaijua Beit al Ajaib, na wengi waliiona katika habari sehemu yake kubwa ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, kwa hiyo walikuwa wanatazama jengo wanalolijua linavyobadilika katika historia.

Linganisha somo hilo na jinsi kurasa nyingi za nje zinavyokisimulia kisa hicho hicho. Huko huitwa vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38 kwa wanaohesabu kidogo na 45 kwa wanaohesabu zaidi, na msomaji huachwa akitabasamu. Kwamba upande wa Unguja watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa pili akajeruhiwa baharia mmoja, hutajwa mwishoni kama nyongeza. Mwalimu anayetegemea kurasa hizo atawafundisha watoto wetu kuucheka msiba wa wazee wao.

Hata hivyo picha za Winterton zinahitaji uangalifu. Nyingi zilikusanywa au kupewa maelezo na maofisa, wasafiri na wamisheni, na maelezo yao humwita mtu kwa kabila au kwa kazi, mara chache sana kwa jina. Nyingine zilipigwa na wapiga picha wa Kigoa waliokuwa na studio mjini Unguja, kama A. C. Gomes, kwa ajili ya kuuzwa, kwa hiyo mtu aliyemo huenda alipangwa akae vile. Huwataka wanafunzi wajadili picha kwanza na maelezo yake baadaye, kisha waulize nani aliyaandika na kwa ajili ya nani.

Mbinu za kuhoji ushahidi

Kwa mwalimu ambaye hajawahi kuendesha somo la namna hiyo, ziko nyenzo mbili za kumshika mkono. Masomo ya kusoma kama mwanahistoria, yaliyozaliwa Chuo Kikuu cha Stanford na sasa yanaendeshwa na Digital Inquiry Group, hufundisha mambo manne: kujua chanzo cha waraka, kuuweka katika zama zake, kuulinganisha na nyaraka nyingine, na kuusoma neno kwa neno. Ni bure, ila hutaka kufungua akaunti. Maktaba ya Bunge la Marekani kwa upande wake ina karatasi ya ukurasa mmoja yenye safu tatu, ambazo kwa Kiswahili nimezipa majina ya Ninachokiona, Ninachokifikiri na Ninachokiuliza.

Ya Stanford ni ya kina zaidi, na mada zake nyingi ni za Marekani. Nimejaribu kusomesha moja kama ilivyo, na nusu ya kipindi iliishia katika kueleza majina ya majimbo. Karatasi ya safu tatu haina mada yoyote, na huo ndio ubora wake, kwa sababu inaingia kwenye picha ya forodhani, kwenye stempu ya zama za Sultani, kwenye barua ya babu, na hata kwenye kanga. Chukua mbinu kutoka Stanford kwa ajili yako mwenyewe, na mpe mwanafunzi karatasi ya safu tatu. Inachorwa ubaoni kwa chaki, wala haihitaji steshenari.

Biashara ya utumwa: hazina kubwa inayoweza kupotosha

Slave Voyages ni miongoni mwa kazi kubwa zaidi za historia zilizopo mtandaoni. Ina kumbukumbu za safari zaidi ya 36,000 za meli zilizovusha watumwa katika Bahari ya Atlantiki, na makadirio yake ni kwamba Waafrika milioni 12.5 walipakiwa melini katika karne zile. Mwanafunzi anaweza kuchuja kwa mwaka, kwa bandari au kwa bendera ya meli, na kila mstari ni safari ya watu.

Lakini mwalimu wa Zanzibar awe mwangalifu kupita wengine. Hesabu hizo za Atlantiki si hesabu za soko la Mkunazini. Zinaigusa Afrika ya mashariki kwa wale zaidi ya nusu milioni waliochukuliwa kutoka upande wetu wa bara na visiwa, wengi wao kupitia pwani ya Msumbiji, na wala hazielezi majahazi yaliyokwenda na pepo za kusi kuelekea Arabuni, wala maelfu waliobakishwa hapa hapa kulima karafuu. Profesa Abdul Sheriff, mwanahistoria wetu, ameonyesha kwamba takwimu zilizoandikwa na Waingereza juu ya watumwa waliopelekwa kaskazini zilikuzwa, na kwamba kadiri karne ya 19 ilivyosonga, mashamba ya visiwani na pwani ndiyo yaliyowameza wengi. Kwa hiyo Slave Voyages itumike kufundishia Atlantiki na kufundishia jinsi kumbukumbu zinavyohesabiwa. Mada ya kwetu, tangu mashamba ya karafuu hadi mkataba wa 1873 uliofunga soko na amri ya 1897, inahitaji vyanzo vingine na mwalimu aliyesoma.

Hati za kale, nyenzo ambayo ni yetu zaidi kuliko ya wengine

SOAS, chuo cha London kinachosomesha lugha na tamaduni za Asia na Afrika, imeweka mtandaoni hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikiwemo karatasi za mmisheni wa Kiingereza, Taylor, zenye tungo za Muyaka, mshairi wa Mombasa. Programu ya Maktaba ya Uingereza ya kuokoa nyaraka zilizo hatarini, kwa upande wake, imehifadhi hati za msikiti wa Riyadha wa Lamu. Ya Lamu inazama zaidi katika elimu ya dini na ni ngumu kwa darasa la historia. Ya SOAS ina tenzi na mashairi yanayogusa siasa, na Muyaka aliishi zama zile za mvutano kati ya Mombasa na Sayyid Said, uliokwisha kwa Mombasa kushikwa mwaka 1837. Naichagua ya SOAS bila ya kusita.

Hapa wanafunzi wetu wana utajiri ambao wenzao wa London hawana. Mtoto aliyepita chuo cha Kurani anazisoma herufi zile. Nilipoweka ukurasa mmoja mbele ya darasa, waliokuwa kimya muhula mzima ndio waliosogea mbele, na wakaanza kubishana, kwa kuwa katika hati za zamani herufi be hubeba sauti ya b, ya p na ya mb pamoja, na neno moja linaweza kusomwa baba au papa mpaka uusikilize mstari mzima. Ubishi ule ulikuwa somo la ushahidi kuliko lolote nililowahi kulipanga.

Takwimu na ramani kwa maarifa ya jamii

Our World in Data, tovuti ya takwimu za nchi zote duniani, ina michoro mizuri na rahisi kupakua, lakini kwayo Tanzania ni moja. Zanzibar haionekani peke yake. Ukitaka kulinganisha nchi na nchi, itumie. Ukitaka mwanafunzi aijue jamii yake, tovuti ya Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar inaishinda, ingawa ripoti zake ni ndefu na majedwali hayapendezi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, kutoka 1,303,569 mwaka 2012. Wape wanafunzi hesabu za mikoa na uwaulize upi umekua zaidi. Wengi watasema Mjini Magharibi, uliotoka 593,678 hadi 893,169, karibu watu laki tatu, na hawakukosea. Aliyefanya kwa asilimia atasema Kusini Unguja, uliotoka 115,588 hadi 195,873, karibu asilimia 70, naye hakukosea. Waache wabishane, kisha waeleze wanadhani watu hao wamefuata nini.

Kwa ramani, Google Earth ya kompyuta ina picha za miaka iliyopita, na ukivuta kile kitelezi cha miaka unayaona mashamba ya pembezoni mwa mji, upande wa Fuoni, yakigeuka mapaa. Picha zilizopigwa kwa droni katika mradi wa ramani wa Zanzibar, ulioanza 2016 kwa kushirikisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ni kali zaidi kwa mbali: unaona mnazi mmoja mmoja, ua wa nyumba, na ngalawa iliyopandishwa ufukweni. Faili zake ni kubwa mno kwa bando la kawaida, kwa hiyo huziomba kwa mwenzangu mwenye mtandao wa ofisini, nami nikazibeba kwa flashi. Google Earth inaonyesha mabadiliko, za droni zinaonyesha mahali. Kwa wanafunzi wa msingi naanza na za droni, kwa sababu kazi ya kwanza huwa ni kuitafuta nyumba yao, kisha skuli, kisha msikiti, kisha mpaka wa shehia, na mtoto akishaipata nyumba yao juu ya karatasi, kumfundisha kaskazini na kipimo cha ramani ni kazi ya dakika tano.